Kaunti ya Strunk

Jumatatu, 5 Februari 1872

Upepo wa kaskazini. Maji yameganda ndooni. Lakini habari kubwa! Bunge la jimbo kule Topeka litaikata mbuga yetu iwe kaunti kamili, na kaunti haiwezi kukaa bila jina. Sisi wakazi tumeambiwa tupeleke ombi. Nimekaa mbele ya jiko tangu asubuhi nikijaribu majina. Kaunti ya Strunk, jina langu. Linajaa mdomoni. Nililitamka mara kumi hivi, mara ya mwisho nikiwa nimesimama. Mke wangu Lovina aliuliza nani amekuja. Nikamwambia, historia. Akasema basi historia itoke ikalete mavi makavu ya ng'ombe, moto unazimika.

Haki ninayo. Nyumba yangu ya mabonge ya udongo ndiyo ya kwanza kujengwa hapa. Ukiacha ya Jubal Hatcher, lakini ya Hatcher inavuja, haihesabiki. Isitoshe nilipigana vita vile vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe. Nilikuwa mpishi wa kikosi, sawa, ila mizinga haichagui mpishi. Nikafika cheo cha koplo! Nilikishika siku kumi na moja, mpaka waliponivua kwa lile jambo la sufuria.

Jumatano, 7 Februari

Hatcher! Mwenye duka yule naye anataka Kaunti ya Hatcher. Ameweka karatasi yake ya sahihi juu ya pipa la biskuti. Hakuna anayepata biskuti bila kutia sahihi. Ujanja mchafu, na kinachoniuma ni kwamba sikuufikiria mimi.

Nimezunguka na nyumbu nyumba kwa nyumba. Sahihi thelathini na moja. Hakuna hata mmoja aliyesoma. Walitaka niondoke wafunge mlango, baridi isiingie.

Wa mwisho alikuwa Mama Dunning, mjane anayeishi peke yake kando ya kijito. Alitia sahihi, kisha akanipa kikaratasi alichoandika jina la mwanawe, Asa, aliyeuawa vitani akiwa na miaka kumi na tisa. Akaomba, kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nilichomeke jina hilo kwenye ombi mahali popote, hata pembeni. Nikasema nitaona. Asa nilimfahamu, tulikuwa kikosi kimoja. Ndiye aliyenivuta siku gari la vyakula liliponipindukia. Kijana mkimya. Nimekitia kikaratasi mfuko wa ndani wa koti. Ombi limeshajaa, kwa bahati mbaya. Jina langu, kwa mwandiko ule, linachukua nusu ukurasa.

Jumamosi, 10 Februari

Pigo! Hatcher amerudishiwa ombi lake. Barua imetoka kwa seneta wetu wa jimbo, Bwana Whitcomb. Bunge limechoka na watu wanaojiombea. Kaunti mpya zitapewa majina ya askari waliofia vitani, hata wa chini kabisa. Hatcher aliisoma dukani mbele ya watu, uso umemshuka. Nilicheka mpaka nikashikilia pipa. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi niko hai.

Kasoro, lakini ndogo. Ombi langu lilikuwa bado mfukoni. Nimeongeza mstari mmoja chini: Koplo Alpheus Strunk, aliuawa vitani. Lovina akasoma, akasema huo ni uongo mtupu. Nikamweleza kwamba kufa nitakufa tu, nimesogeza tarehe. Barua imeondoka na posta ya saa nane.

Alhamisi, 22 Februari

IMEPITA! Ipo gazetini, safu ya pili. Kaunti ya Strunk! Nilitoka nje nikatazama pande zote nne, mpaka macho yanapoishia. Kila ramani. Kila hati ya ndoa. Watoto ambao hawajazaliwa watapigwa fimbo shuleni kwa kukosea herufi za jina langu. Nililia kidogo. Nilisema ni upepo, lakini si upepo.

Dukani Hatcher alinipongeza. Mpole mno. Akampimia Lovina yadi sita za kitambaa cheusi bila malipo, na pole juu yake. Kisha akanong'ona kwamba habari alizipata mapema na ameshamwandikia seneta kumjulisha kuwa mjane wa shujaa yupo na angefarijika kutembelewa. Seneta amejibu. Anakuja tarehe mbili Machi, na bendera.

Nyoka yule!

Jumamosi, 2 Machi



Mpango ulikuwa safi. Mimi ndani ya ghala la mahindi, nikichungulia penye ufa. Lovina mlangoni na nguo nyeusi. Alikataa kulia. Alisema atanyamaza tu na watu watadhani ni huzuni. Walikuja kama sabini, wote wakijua kabisa kwamba niko hai, na hakuna aliyefungua mdomo. Hatcher alikuwa amewaahidi burudani, na pipa zima la biskuti alilileta.

Seneta alipanda juu ya gari lake akahutubia. Alitaja ujasiri wangu. Alitaja moyo wangu. Joto lilinipanda kuanzia vidoleni. Sijawahi kusifiwa hivyo, na nasikitika kwamba wafu wengi hawapati kusikia mambo kama yale. Mama Dunning alikuwa mbele kabisa, mikono ameikunja, anasikiliza kila neno. Kisha seneta akasema wamekagua daftari la vyeo la kikosi, na ingawa ombi lilimwita koplo, shujaa huyu alikuwa askari wa kawaida tu, asiye na cheo.

Tu!

Nilijizuia. Nilitia gunzi mdomoni nikaliuma. Akarudia, asiye na cheo chochote.

"Koplo!" nikasema, nikitoka ghalani na maganda ya mahindi kichwani. "Siku kumi na moja, Bwana Seneta. Waandike vizuri."

Hatcher alikaa chini kwenye theluji kwa kicheko. Seneta akauliza huyu ni nani.

"Marehemu mume wangu," Lovina akajibu. "Hata kufa kumemshinda."

Seneta alibadilika rangi. Akasema jina limefutwa tangu dakika ile, na nishukuru nikilala kwangu badala ya gerezani. Halafu akauliza kwa ukali kama katika mbuga hii nzima hakuna nyumba iliyopoteza mtu kwelikweli. Watu wote wakamgeukia Mama Dunning. Yeye akatazama chini. Alidhani jina la mwanawe lilifika Topeka likakataliwa. Niliona hivyo usoni mwake, na iliniuma. Naandika wazi: iliniuma sana.

Nikaingiza mkono kotini. Kikaratasi kilikuwa kimekunjamana na kinanuka tumbaku. Nikampa seneta.

"Asa Dunning," nikasema. "Alikuwa akiwapelekea maji majeruhi. Alienda mara tatu akarudi. Ya nne hakurudi. Mimi mwenyewe nipo kwa sababu yake."

Mama Dunning akanisogelea. Aliongea taratibu.

"Ulikuwa nacho siku zote hizi, Alpheus?"

Nikasema ndiyo, mama. Aliipokea bendera akaikumbatia kifuani, na hakuna aliyegusa biskuti mpaka alipoondoka.

Alhamisi, 14 Machi

Sheria imerekebishwa. Kaunti ya Dunning. Mama Dunning alikuja leo na mkate wa mahindi wa moto na kibao cha mbao. Alitaka niandike jina, apigilie penye njia panda, maana mwandiko wangu, alisema, hauna kosa hata kama mwenyewe ninalo. Nilitumia asubuhi nzima. Herufi za Asa nilizipa mikia. Alikisoma, kisha akanishika bega.

Najivunia. Nani aliyelitoa jina lile? Mimi. Mfukoni mwa nani? Mwangu. Ukipima kwa haki, nimeipa kaunti jina. Nilimweleza Hatcher hivyo. Akasema kwa kuwa mimi ni marehemu, hatabishana nami.

Jumapili, 17 Machi

Siku ya kutafakari. Nimetulia. Nimeyatazama makosa yangu kwa uaminifu, nami nimejifunza.

Jana msafiri mmoja alipita dukani. Anasema ng'ambo ya mpaka, magharibi, kuna mbuga tupu itakayokatwa kaunti kumi na mbili, zote hazina majina, na bunge la huko nalo linapenda askari waliokufa. Huko hakuna anayenijua. Wala hakuna daftari la kikosi. Lovina ameficha wino, lakini nimeupata ndani ya pipa la unga. Hatcher naye nimemwona akiulizia njia ya magharibi, kwa hiyo sina muda wa kupoteza.

Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilijipa cheo kidogo. Safari hii nimejiandika sajenti.