Katiba Yenye Breki

Mke alimpa Sukari mambo mawili achague: mshauri wa ndoa au mlango. Sukari akachagua mshauri, kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha.

Ndivyo alivyojikuta Jumanne asubuhi ameketi kwenye kochi la ofisi ndogo juu ya duka la miwani, mkewe upande huu, boksi la tishu upande ule, na mbele yao mshauri mwembamba mwenye tai pana karibu sawa na kifua chake. Mke alikuwa fundi cherehani, mtu asiyepoteza uzi wala maneno. Akaeleza kwa ufupi: mume wake mwongo. Aliwahi kuuza mitungi ya kuzimia moto iliyojaa upepo mtupu. Aliwahi kuwapangisha watu watatu chumba kimoja, na chumba chenyewe hakikuwa chake.

"Na wewe baba, unasemaje?" mshauri akauliza.

Sukari hakusikia. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye cheti kikubwa chenye fremu ya rangi ya dhahabu. Alikisoma mara mbili. Kilisema kwamba mwenye ofisi amehudhuria semina ya siku mbili ya ufugaji wa nyuki.

"Hicho cheti," Sukari akasema kwa ile sauti laini iliyompa jina, "wateja hawakiulizii?"

Mshauri akalegeza tai yake. "Wanauliza, kaka. Kila siku wanataka kujua nimesajiliwa na nani. Nawaambia usajili uko njiani. Na si mimi peke yangu, washauri wote wa mji huu tuko hivyo hivyo. Hatuna chama, hatuna kitambulisho, kila mtu anajisifia kwa mdomo wake."

Mke alimwona mumewe akikaa wima. Akadhani ushauri umeanza kumwingia.

Wiki mbili baadaye, Chama cha Wataalamu wa Ushauri wa Familia kilikuwa kimezaliwa, kikiwa na chumba cha kupanga, mhuri, karatasi zenye nembo, na katibu mkuu ambaye ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti, mhazini na mfagizi. Katiba tu ndiyo iliyomsumbua kidogo. Kuandika katiba ni kazi, na Sukari aliiheshimu kazi kiasi kwamba hakupenda kuisogelea. Akachukua katiba ya chama cha walimu wa udereva, akafuta "gari" akaweka "familia", akafuta "dereva" akaweka "mshauri", akaipeleka kwa mpiga chapa bila kuisoma.

Tai Pana, yule mshauri wa juu ya duka la miwani, alikuwa wa kwanza kujiunga.

"Kuna mwanachama wa kawaida," Sukari akamweleza, "na kuna mwandamizi."

"Mwandamizi anapata nini?"

"Nyota moja kwenye cheti. Mwandamizi mkuu, nyota mbili na joho."

Tai Pana alilipia joho kabla hajamaliza kujaza jina lake kwenye fomu.

Habari zikaenea. Washauri walipandisha ngazi mbio mbio, kwa sababu mwenye nyota mbili angewatoza wateja bei maradufu. Usaili ulikuwa na swali moja tu: je, unazipenda familia? Hakuna aliyefeli. Mmoja alimsimamisha Sukari ngazini kumpongeza kwa kifungu cha saba, kisemacho kwamba familia iliyozidi miaka kumi isiruhusiwe kutoka bila kukaguliwa breki na taa za nyuma. "Maneno mazito sana," akasema. "Nimewasomea wateja wangu, mama mmoja akalia."

Majoho yote sitini yalishonwa na mke wa Sukari. Alikuwa ameibandika ukutani, juu ya cherehani yake, barua ya ajira ya mumewe, ambayo mumewe alikuwa amejiandikia mwenyewe. Jirani akiingia tu, fundi alimwonyesha barua kwanza ndipo ampime nguo. Sukari akiiona alikuwa anageuza uso.

Ndipo akaja mkunga mstaafu.

Alikuwa mama mnene wa makamo ya juu, mwenye mkoba mkubwa na mwendo wa taratibu. Nusu ya mji ule aliipokea yeye mikononi mwake, na alipostaafu akaanza kuwapatanisha wazazi wa wale watoto. Hakutaka nyota. Alitaka kusoma katiba. Akaketi akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, huku Sukari akipanga kalamu zisizohitaji kupangwa.

"Mwanangu," akasema mwishoni, "kifungu cha kumi na nne kinasema mkutano mkuu ufanyike ndani ya siku tisini. Imebaki wiki moja."

Mtu mwingine angeingiwa na hofu. Sukari aliona kiingilio cha mkutano, ada ya ukumbi, na mchango wa picha ya pamoja. "Mama, hilo lilikuwa kwenye ratiba tangu zamani," akasema.

Akapanga mkutano Jumamosi asubuhi. Ijumaa alikwenda kituo cha mabasi kukata tiketi ya saa tisa alasiri ya kesho yake, kwenda mbali. Mkata tiketi akamuuliza wangapi. Sukari alisimama pale dirishani kidogo, mpaka mtu wa nyuma akakohoa.

"Mmoja," akasema.

Jumamosi ukumbi ulijaa majoho. Sukari alihutubia nusu saa kuhusu heshima ya taaluma, akapigiwa makofi, na alikuwa akielekea kwenye mlango wa nyuma mkunga aliponyanyua mkono.

"Kifungu cha tisa," akasema. "Hakuna atakayeshika uongozi ila mwanachama aliyefaulu usaili. Katibu wetu alisailiwa na nani?"

Majoho yakanong'ona. Sukari akacheka kwa upole. "Mama, mimi ndiye ninayesaili."

"Ndiyo maana nauliza."

Tai Pana, mwenye nyota mbili na hamu ya tatu, akaunga mkono hoja. Sukari akakalishwa kwenye kiti katikati ya jukwaa. Hakuogopa sana; kuongea ndiko kulikokuwa kukimlisha miaka yote.

"Tunakuletea mteja," mkunga akasema. "Mshauri, tusikie."

Kutoka nyuma, alikokuwa akirekebisha pindo za majoho, akaja mkewe. Aliketi mbele yake, mikono mapajani.

"Mume wangu ni mwongo," akasema. "Nilitumaini ataacha. Nifanyeje?"

Sukari alikuwa na sentensi kumi tayari mdomoni, lakini alipomtazama mkewe usoni zikapotea zote. Ikabaki moja, na ikatoka yenyewe.

"Usimwamini," akasema, "mpaka aweke kila kitu mezani."

"Na akiweka?"

"Hapo ndipo muanze kuongea."

Mkunga akaandika kitu. "Umefeli usaili, maana ulitakiwa kumsikiliza kwanza. Ila jibu ni zuri." Akatoa karatasi mbili mkobani na kumnong'oneza ili wengine wasisikie. "Hii ni barua ya benki, kuhamishia akaunti ya chama kwa watia saini watatu. Hii nyingine ni ya polisi. Zote zimekosa saini tu. Ya benki inataka yako, ya polisi inataka yangu."

Sukari alitazama saa. Saa sita na nusu. Akatia saini, na kwa mazoea yake akaitia kwa madaha.

Mkutano ukamchagua mkunga mwenyekiti. Azimio la kwanza lilikuwa chama kisajiliwe serikalini kabla mwezi haujaisha. La pili, usaili urudiwe kwa watu wote, jambo lililomfanya Tai Pana akae chini ghafla. La tatu, fundi wa majoho alipwe. La nne, chama kiajiri karani.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, mkewe alimpa Sukari tiketi ya basi. Alikuwa ameikuta mfukoni usiku uliopita akimshonea kifungo cha koti.

"Mambo ya chama niliyajua tangu wiki ya pili," akasema. "Chama gani kina mfanyakazi mmoja? Nikasema ngoja nione, labda katikati ya uongo wake atajikuta anafanya kazi. Lakini hii tiketi ni ya mtu mmoja."

Sukari akaichana tiketi vipande viwili.

"Karani analipwa ngapi?" akauliza.

"Kidogo," akasema mkewe. "Na Jumanne tuna miadi kwa mkunga, wewe na mimi. Atatutoza bei kamili."

Mwezi wa tatu wa ukarani wake, mlango ukagongwa akaingia kijana wa suti ya kung'aa, mwenye tabasamu na sauti laini. Alitaka kuwa mwanachama, ila usaili, alisema, ungemchelewesha. Akasukuma bahasha juu ya meza kwa kidole kimoja.

Sukari aliitazama bahasha. Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya mkunga akimwambia mtu apumue. Sukari akavuta kitabu, akachomeka karatasi ya kaboni, akaanza kuandika.

"Hiyo nini?" kijana akauliza.

"Risiti. Nimeandika 'rushwa ya kukwepa usaili'. Jina lako nani, niandike vizuri?"

Kijana alinyakua bahasha yake, akashuka ngazi mbili mbili. Sukari alisikiliza vishindo vya viatu mpaka vikaisha barabarani, akatikisa kichwa. Yule alikuwa na sauti nzuri, ila bahasha aliitoa mapema mno.