Vita vya Fundi Saa na Namba ya Dakika Mbili

Sogezeni viti karibu, enyi mliojaliwa masikio mawili, na mwenye simu aiweke kifudifudi, kwa maana nawaletea habari za vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, ila vilimwaga chai kikombe kizima. Wala msiniulize nimezijuaje. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kimepakana na uwanja wa mapambano, na kati yetu upo ubao mmoja wenye tundu, na tundu hilo sikulitoboa mimi.

Alikuwapo katika soko letu Fundi Saa, Bwana wa Kibano, Mwenye Jicho la Lenzi, Mfufuaji wa Mishale Iliyokufa, ambaye kwa miaka ishirini na sita amekalia kigoda kilekile akichungulia matumbo ya saa za watu. Zikafika siku za taabu. Ofisi ya soko ikabandika tangazo kwamba kila mwenye kibanda aeleze kwa barua, iliyoandikwa kwa mkono, kwa nini asiondolewe, na barua hiyo ifike kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Asiyeleta, kibanda chake atapewa mwingine, na aliyekimezea mate cha Fundi Saa ni Fundi Simu wa upande wa pili, aliyetaka nafasi ya kujitanua na ambaye alishakuja mara mbili kupima ukuta kwa utepe.

Shujaa wetu aliiandika barua hiyo mara tisa na mara tisa akaichana, kwani mkono ule uliozoea kutuliza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama uligoma kila ulipofika kwenye neno "Mheshimiwa". Fundi Simu akamwona, akamhurumia kwa namna yake.

"Siku hizi barua haziandikwi na watu, mzee wangu," akasema. "Ipo programu ya akili bandia, wewe unaiambia tu. Mimi imeniandikia kurasa nne."

Basi Alhamisi, saa nane mchana, Bwana wa Kibano alitwaa simu yake yenye ufa kutoka pembe hadi pembe, akaliendea lango la programu, akabisha. Lango likamjibu kwa maandishi ya kijivu: "Programu hii haipatikani katika eneo lako."

Akasimama, na kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Eneo langu limekosa nini?" akauliza, akiwahutubia majeshi ya saa yaliyopangwa ukutani. "Jua linapatikana katika eneo langu. Ushuru unapatikana katika eneo langu. Hata mafua ya ughaibuni hufika hapa kabla sijalijua jina lake. Iweje akili peke yake ndiyo ifike mpakani igeuze?"

"Kaa chini, utamwaga chai," alisema mkewe, aliyekuwa nyuma ya kibanda akitia zipu kwenye sketi ya mteja. Chai ilikuwa imeshamwagika.

Mwanamke huyo, ambaye tarikhi ingemsahau kama si mimi, ndiye aliyetoa shauri. "Mwenzio Fundi Simu alifunguliwa akaunti na binamu yake aliye huko nje. Wewe dada yako yuko wapi? Tumia namba yake. Wenye programu watamtumia tarakimu sita za kuthibitisha, akusomee, uziandike, basi."

Tarakimu hizo huishi dakika mbili, kisha hufa. Na hapa yawapasa mjue jambo moja kuhusu Dada Mkubwa, mzaliwa wa kwanza, Ngome ya Adabu, aliyeondoka miaka kumi na saba iliyopita na kwenda kuuguza wazee wa watu. Kwa Dada Mkubwa salamu hazirukwi. Kila mmoja huuliziwa kwa zamu yake, na asiyeuliziwa hununa.

Shambulio la kwanza lilikuwa la heshima. Fundi Saa akabonyeza namba itumwe, akampigia kwa simu ya mkewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo huko? Wifi yangu hajambo? Mwanenu Mwalimu je, hajambo? Na yule wa pili, kifua kimepona?"

"Kimepona, dada. Kuna namba imeingia kwenye simu yako..."

"Nimeiona. Namba zitangoja, salamu hazingoji. Mama anaendeleaje na goti?"

Walipomaliza goti, na mvua, na majirani wa pande zote mbili, namba ilikuwa maiti ya dakika saba.

Shambulio la pili lilikuwa la ghafla. Dada alipopokea tu, shujaa akasema, "Dada, nisomee namba haraka."

"Mimi nimekuwa nani, mlinzi wa geti?" akasema Dada Mkubwa, na simu ikakatwa.

Shambulio la tatu likabidi litanguliwe na kuomba radhi, na radhi ikazaa salamu zake zenyewe, zikafika dakika kumi na nne. Namba ya tatu ikafa, ikazikwa pamoja na wenzake, na lango likatoa onyo: limebaki jaribio moja, na likishindikana milango itafungwa kwa saa ishirini na nne. Kesho saa sita ilikuwa karibu zaidi ya hapo. Nilichungulia tunduni nikamwona mzee wa watu ameshika tama, na sitanii, nilimwonea huruma.

Lakini mtu hajifunzi saa miaka ishirini na sita bure. Fundi Saa alipokuwa akisalimiwa, macho yake hayakubanduka kwenye mishale ukutani. "Mke wangu," akasema taratibu, akiinuka kwa fahari, "dada yangu ni saa. Radhi tukiiweka kando, anakwenda dakika tisa kamili, na hakosei. Goti la mama ni dakika ya sita. Mvua ni dakika ya nane. Akitamka mvua tu, wewe bonyeza."

Wakapiga. Zikapita salamu za nyumbani, zikapita za Mwalimu na za kifua. Goti likaulizwa dakika ya sita juu ya alama. Mke aliweka kidole juu ya simu yenye ufa, nami nikaacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimenyolewa.

"Na mvua zimeanza?" akauliza Dada Mkubwa.

Kidole kikashuka. Namba ikaruka bahari. Mvua ikazungumzwa, majirani wakazungumzwa. "Haya, niambie shida yako."

"Nisomee namba iliyoingia, dada yangu."

"Ngoja nitafute miwani."

Nakiri kwamba hapo nilifumba macho. Nilipoyafumbua, tarakimu ya sita ilikuwa ikiandikwa, zimebaki sekunde kumi na moja, na lango likafunguka. Programu ikashuka. Ikajisimika. Ikasema: "Habari! Nikusaidie nini leo?"

"Chukua kalamu," shujaa akamwamuru mkewe. "Andika kila kitakachosemwa." Kisha akavua kofia, akaanza kuzungumza na simu. "Nzuri, sijui habari za huko? Nyumbani hawajambo?"

Programu ikajibu kwamba yenyewe haina nyumbani. Akaipa pole. Akaiuliza afya, ikasema haina. Akaipa pole tena. Ndipo nayo, kwa adabu, ikamuuliza habari za kazi, na asiyewahi kuulizwa akajibu.

"Kazi ipo, ila si kama zamani. Watu wananiletea saa za marehemu wao. Wengine hawarudi kuzichukua. Sizitupi. Nazitia ufunguo kila asubuhi zisije zikasimama, maana iko siku mtu atapata nguvu ya kuja. Sasa wakinihamisha, huyo mtu atanitafuta wapi?"

Simu ikafikiri kidogo, ikaandika: "Umefikia kikomo cha matumizi ya bure. Jaribu tena kesho jioni."

Akaketi. Saa zote zikasikika.

"Mpaka wapi nimeandika?" mkewe akauliza, akisoma karatasi. "Ndiyo. 'Atanitafuta wapi.' Uliniambia niandike kila kitakachosemwa. Hebu weka jina lako hapa chini, kesho tuipeleke."

Ijumaa saa tano na nusu tulikuwa ofisini. Afisa wa soko alikuwa na barua kumi na moja mezani, na zote, ikiwamo ya Fundi Simu yenye kurasa nne, zilianza hivi: "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi." Akaichukua ya kumi na mbili. Akaisoma mara moja, akaisoma tena, kisha akaitazama saa yake ya mkononi, nayo, nilivyoona mimi, ilikuwa imesimama.

"Kaa palepale ulipo," akasema, akigonga muhuri. "Hii angalau nimeielewa. Umeiandikaje?"

Fundi Saa, Bwana wa Kibano, Mvunja Lango la Maeneo, akajinyoosha hadi urefu wake wote.

"Kwa akili bandia," akasema.

Mkewe akatazama dirishani. Nami nikaandika tarehe hiyo kwa sabuni kwenye kioo changu cha kunyolea, na wateja wameagizwa wasiifute.