Nani Kafa Hata Nyumba Yangu Iwe Urithi?

Kwa Ndugu Afisa Utalii wa Mji,
Halmashauri, ghorofa ya juu.

Salamu nyingi na heshima. Natumaini mama yako mzazi hajambo. Nakuita Ndugu kwa sababu ya kiti unachokalia, ila kwa umri wewe ni mwanangu, basi nikikosea nivumilie kama unavyomvumilia yeye. Darasani sikukaa sana. Naandika kama ninavyosema.

Mimi ndiye kivutio namba nne. Katika kijitabu chenu cha historia na vivutio vya mji nimewekwa baada ya Ziwa la Buluu, Kilima cha Fedha na Mnara wa Mashujaa. Sisi wenyeji tunavijua kwa majina ya nyumbani: ziwa ni shimo la mgodi lililojaa maji siku pampu zilipozimwa, kilima ni kifusi, na mnara ndio uliokuwa ukiwashusha waume zetu chini, siku hizi tunaanikia blanketi. Hayo silalamikii. Mji uliofiwa na mgodi wake lazima ujipake poda kidogo. Ninalalamikia kibao mlichonipigilia ukutani: NYUMBA YA MCHIMBAJI. URITHI WA MJI. HAIRUHUSIWI KUBADILISHA CHOCHOTE.

1. Ninavyojua mimi, urithi hutoka kwa marehemu. Sasa nani kafa? Mimi ndiye huyu naandika. Baba watoto anakoroma hapa nyuma yangu mpaka vikombe vinaitikia. Jirani yangu fundi viatu alipokisoma kibao alivua kofia akanipa pole. Mwanangu wa kwanza, ambaye simu yake huwa haina chaji ya kumpigia mama, siku hiyo ilipata chaji. Hakuuliza hali. Aliuliza kabati litakwenda kwa nani. Na nyinyi warithi wapya, mnatoka ukoo upi?

2. Kijitabu kinasema jikoni kwangu "pamehifadhiwa kama palivyokuwa enzi za mgodi." Mwanangu, hapajahifadhiwa. Ni ukata. Lile jiko lenye mguu wa tofali nalionea haya, halafu nyinyi mnalimulika tochi! Sufuria lisilo na mkono si la kale. Lilianguka tu.

3. Wageni huingia bila hodi kwa kuwa mmeandika "mlango uko wazi daima." Uko wazi kwa sababu kitasa kimekufa. Labda huyo ndiye marehemu mnayemrithi. Juzi walinikuta naosha miguu kwenye beseni, wakamuuliza mwongozaji kama hivyo ndivyo wake wa wachimbaji walivyoosha miguu. Akasema ndivyo hasa. Wakapiga picha.

4. Baba watoto mmeniharibia. Tangu aambiwe naye ni historia, maji hachoti. Nikimtuma dukani ananijibu hairuhusiwi kubadilisha chochote. Anakaa na kofia ya mgodi akiwasimulia wageni alivyookoa watu shimo lilipotitia. Ndugu Afisa, huyu alikuwa mpishi wa kantini. Alichowahi kuokoa ni ukoko.

5. Sasa hapa ndipo penyewe. Binti yangu wa mwisho kapata mchumba, na wakwe wanakuja Jumapili. Paa la jikoni limetoboka. Mji huu ulichimba madini ya bati hadi dunia ikatosheka, nami nikose bati la kuziba tundu langu! Mdogo wangu kanipa moja, fundi akapanda na nyundo, mlinzi wenu akamshusha: eti tundu nalo ni urithi. Mimi kunyeshewa nimezoea. Lakini mama wa kijana anyeshewe kwenye mkeka wangu, arudi kwao akisema binti huyu katoka kwenye nyumba ya ndoo? Usingizi sina. Mwanangu akikataliwa kwa ajili ya tundu, historia yenu itamwoa?

Kwa hiyo naomba mking'oe kibao kabla ya Jumapili. Kama hamwezi, basi mnirithi kikamilifu, maana mrithi hachagui. Mchukueni na baba watoto mkamweke mnarani. Uji wake uwe mwepesi, meno nayo yamebaki historia.

Nisalimie mama yako, aliyechapa kijitabu, mlinzi (mwambie firimbi aliyoisahau ninayo), na wageni wote walioona miguu yangu.

Wako mtiifu, aliye hai,
Mama wa Kivutio Namba Nne.

Nyongeza: Barua ilichelewa kwa kukosa bahasha, na Jumapili imepita. Wakwe walikuja, na mvua ikaja nao. Mama wa kijana alikisoma kibao herufi kwa herufi, akaingia kwa kunyata, akaomba yeye ndiye akae chini ya tundu, kando ya ndoo, apigwe picha. Kwao hakuna aliyewahi kuandikwa ukutani. Siku ya harusi ilipangwa chai haijapoa. Basi kibao kisiguswe. Tundu mlinzi alilinde, na fundi akipanda tena nitamshusha mwenyewe. Naomba tu kibao kingine, kidogo, cha chumbani kwa binti. Binti akishaondoka, baba yake anataka kitanda kile kitolewe apate nafasi ya viti vya wageni. Mje mpigilie mapema, pale juu ya mto wake: hairuhusiwi kubadilisha chochote.