Pumzi za Chumba cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua kutengeneza bia nyumbani. Sababu ni ya kitaaluma: jirani yetu seremala, mtu asiyesoma hata maelekezo ya gundi, hutengeneza bia inayosifiwa mtaa mzima. Haivumiliki. Nimechemsha kimea na hopsi, yale maua machungu ya bia, nikapoza, nikatia hamira. (Ya kuazima. Kwake.) Ndoo inahitaji ubaridi na giza. Chumba kimoja tu kina sifa hizo: alimofia baba mkwe, kilichofungwa tangu mazishi. Mke wangu alikwisha sema kwamba nikigusa chumba cha baba yake, atahamia kwa dada yake moja kwa moja. Nimekigusa kwa uangalifu mkubwa.

Jumatano, 5 Machi
Mafanikio! Gesi inapita kwenye mrija na kububujika ndani ya chupa ya maji. Seremala alichungulia juu ya ukuta wa ua, akanionya nisithubutu kuuziba mrija. Pombe changa ina pumzi zake, Profesa, akasema. Ushirikina. Ila mbubujiko una kasoro: mfupi, mfupi, mrefu, kisha kimya. Marehemu alikuwa akikohoa vivyo hivyo. Sadfa.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu aliacha kupiga pasi na kuuliza nani anakohoa chumbani kwa baba. Nilisema panya. Akasema, panya gani huyo, baba watoto, mwenye kifua cha baba yangu? Nikasema basi mabomba. Alinitazama kama anavyotazama samaki wa juzi. Nikaenda kuchunguza. Kiti cha marehemu, ambacho siku zote huelekea dirishani, kinaelekea ndoo. Sikukigeuza mimi. Naliandika hili kwa ajili ya usahihi tu.

Jumamosi, 8 Machi
Kikohozi kilikatiza chakula cha mchana. Mke wangu akaweka kijiko chini, akasikiliza. Nikaomba udhuru, nikauziba mrija kwa nta. Kimya! Akili ni mali.

Jumapili, 9 Machi
Ndoo imepasuka. Bia darini, bia ukutani, bia kila mahali isipokuwa kitini: pakavu kabisa. Kando yake, glasi ya marehemu, tupu, yenye povu ukingoni. Mke wangu alisimama mlangoni. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikiamkia kile kiti, shikamoo baba, kisha akaniambia nibaki na mgeni wangu. Amekwenda kwa dada yake. Seremala aliuliza kutoka uani kama Profesa yu hai.

Jumatatu, 10 Machi
Ndoo haipo. Mrija haupo. Kikohozi kipo: kifupi, kifupi, kirefu. Nimekisikiliza kwa utulivu wa kisayansi, mkono ukiwa kwenye kitasa. Hitimisho ni moja tu: hewa ya chumba kile imekolea hamira hata inachachuka yenyewe. Seremala hana chumba cha namna hiyo! Nimeagiza pipa, kubwa mara mbili ya ndoo. Mke wangu akionja, atarudi. Kiti nimekiacha kielekee kitakako. Nta imebaki ya kutosha.