Pingamizi la Msimamizi wa Bomba Dhidi ya Chura

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Watumiaji wa Maji.

Ndugu Mwenyekiti,

Naomba radhi kwa kukaa kimya miezi minne. Ulinitaka nitoe maoni yangu kwa maandishi, nami nikakuahidi wiki moja. Sikusahau. Nilikuwa nikisubiri hasira ipungue ili niandike kwa adabu. Sasa naona haitapungua, basi naandika hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni ile pikipiki ya magurudumu manne ambayo kamati inafikiria kuiagiza kutoka ng'ambo, inayosifiwa kwamba hupita kila mahali na kwamba bei yake ni nafuu. Watu wamekwisha kuiita Chura, kwa rangi yake ya kijani na kwa namna inavyorukaruka. Inakusudiwa kumpeleka msimamizi wa bomba kwenye chanzo cha maji mara mbili kwa wiki, badala ya kutembea. Sasa, msimamizi wa bomba ni mimi, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mmoja, na sijui kuendesha chombo chochote. Kwa hiyo naelewa vizuri kwamba hamniulizi kama mnunue pikipiki. Mnaniuliza kama bado mnanihitaji. Naomba nijibu kwa mpangilio.

1. Kuhusu masikio. Bomba letu limefukiwa ardhini kutoka chanzo hadi tangi, mwendo wa saa mbili na nusu kwa mtu asiyezembea. Likipasuka huko chini halimwiti mtu. Msimamizi hukita fimbo yake ya chuma juu ya bomba, hutega sikio kwenye ncha ya pili, na huyasikia maji yakivuja kama mtu anayenong'ona nyuma ya mlango. Je, huyo atakayekaa juu ya Chura atasikia nini? Siku ya majaribio, muuzaji alipoiwasha uani pa ofisi, karani wako aliniita kwa nguvu zake zote, hatua tatu kutoka niliposimama, nami nikadhani anaimba. Muuzaji akaniambia, "Mzee, ukifika penye matatizo unazima tu injini." Nikamuuliza nitajuaje kwamba nimefika penye matatizo ikiwa sijasikia kitu. Akasema, "Hilo sasa ni la kitaalamu."

2. Kuhusu maelekezo. Kitabu cha chombo kimeandikwa kwa herufi ambazo hakuna hata mmoja wetu anayezijua. Muuzaji alisema picha zinatosha. Nimezitazama picha. Juu ya tangi la mafuta pana kibandiko chenye mchoro wa mtu aliyelala chali mlimani, na pikipiki iko kifuani pake. Nampongeza mtengenezaji. Katika biashara hii yote, ni yeye peke yake aliyetueleza mwisho wa safari.

3. Kuhusu sifa ya kupita kila mahali. Chombo kilipita uani, kikapanda ngazi mbili za ofisi, kikazimika mlangoni, na wajumbe waliokuwa ndani wakalazimika kutokea dirishani. Muuzaji akasema ni plagi. Plagi ilipobadilishwa akasema ni mafuta. Mafuta yalipobadilishwa akasema ni hali ya hewa. Mhazini, ambaye alikuwa amekipigia makofi kikipanda, alishuka dirishani ameshika viatu mkononi, huku akisema, "Lakini mmeona kilivyopanda?" Mimi nilimwona yeye alivyoshuka, Mwenyekiti. Nawe ulimwona, kwa sababu ndiwe uliyempokea viatu.

4. Kuhusu njia. Njia ya kwenda kwenye chanzo ina upana wa mtu mmoja na jembe lake. Chura ana upana wa watu wawili wasiopatana. Kwa hiyo njia itapanuliwa. Ikipanuliwa, miti ya kando itakatwa. Miti ikikatwa, mvua itashusha udongo mpaka kwenye chujio, na chujio litaziba kila siku. Likiziba kila siku, Chura atapanda kila siku, na chombo cha bei nafuu kikipanda kila siku huchoka, nanyi mtaagiza cha pili kije kukivuta cha kwanza. Wakati huo njia itakuwa barabara. Wenye pikipiki watapanda kutazama. Wapenda kupiga picha watapanda. Atatokea mtu wa kuuza soda. Wanywaji wa soda watahitaji choo, na choo kitachimbwa mahali pekee palipo tambarare kule juu, yaani juu ya chanzo. Haitapita miaka miwili, ndugu Mwenyekiti, kabla ya watu wote wa hapa kuanza kunywa uamuzi wa kamati kwa glasi.

5. Kuhusu usafi. Chura atarudi na matope, na itabidi aoshwe. Kwa maji gani?

6. Lalamiko la sita nimelifuta. Lilimhusu mumeo, na yeye si mjumbe.

7. Kuhusu mimi mwenyewe. Nilipoanza kazi hii, ulikuwa ungali unavaa sare ya shule, na ulikuwa ukiniita Mjomba bila kukohoa kwanza. Tangu uwe Mwenyekiti, taarifa ya chanzo imefika mezani kwako kila Jumatatu na kila Alhamisi, haikukosekana hata moja: kina cha maji, hali ya chujio, koki zote tano. Mwezi uliopita ulitamka mbele ya mkutano kwamba taarifa zangu za siku hizi ni bora kuliko za miaka yote iliyopita. Nanukuu maneno yako: "Mjomba sasa anaona mpaka konokono." Basi mtu aonaye konokono mlimani, kwa umri huu, ndiye anayehitaji kusaidiwa na mashine? Mhazini alisema nimezeeka. Aliyasema haya akidhani nimetoka nje, nami nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Nampa jibu lake hapa. Mguu wa binadamu hauagizwi kutoka ng'ambo, haungoji vipuri, na haujapata kuwafungia wajumbe mlango wa ofisi.

Kwa sababu hizo naiomba kamati ikatae ununuzi huu bila kuuahirisha, imshukuru muuzaji kwa ufupi, na iendelee kutegemea miguu ambayo haijawahi kuiangusha. Iwapo kamati haiwezi kukaa bila kununua kitu, fimbo yangu ya chuma imeliwa na kutu, na buti zangu zimetoboka.

Nisalimie mama yako, umwambie kaka yake hajambo na hajalainika. Wasalimie karani na wajumbe wote mmoja mmoja. Mhazini naye msalimie, akiwa amekwisha kuvaa viatu.

Ni mimi, mtumishi wa kamati yako na mjomba wako kwa pamoja,

Msimamizi wa Bomba

Baada ya kuandika:

Nilimpa mke wangu barua hii aipeleke ofisini. Akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akairudisha mezani na kuniambia, "Haya mzee wangu, ipeleke mwenyewe, kwa hiyo miguu isiyongoja vipuri." Amekataa kuigusa mpaka niongeze yafuatayo, nami nayaongeza kwa sababu ni ya kweli.

Goti langu la kulia halijavuka koki ya pili tangu miezi minne iliyopita. Anayepanda mpaka kwenye chanzo ni yeye. Akirudi ananieleza, nami naandika. Konokono ni wake. Uvujaji uliozibwa karibu na koki ya nne aliusikia yeye, kwa fimbo yangu, na anasema ukitaka kuweka fimbo lazima usimame, na ukisimama injini unaizima, kwa hiyo haoni maana ya lalamiko la kwanza. Kuhusu njia, amenikumbusha ile barabara ya zamani ya wakata mbao, iliyo pana na inayofika hatua chache kutoka kwenye chanzo. Barabara hiyo naijua. Niliiacha nje ya lalamiko la nne kwa makusudi.

Amenieleza pia jambo nisilolijua: kwamba siku ya majaribio, nilipokuwa ndani nikiandika kasoro, alimwomba muuzaji ufunguo wa pikipiki na kuuzunguka ua nayo mara tatu. Haikuzimika. Anaomba kamati iinunue, na anaomba aandikwe msaidizi wa msimamizi, kwa kuwa hata magoti yake, asema, si ya chuma.

Sijakiona chanzo kwa miezi minne, Mwenyekiti. Kila akirudi namuuliza maji yana rangi gani asubuhi, naye hunijibu, "Rangi ya maji."

Kiti cha Chura ni kimoja kirefu, cha watu wawili. Amekwisha kutangaza kwamba mbele atakaa yeye. Kwa hiyo linalobaki kuamuliwa hapa nyumbani ni kama mimi nitakubali kukaa nyuma, nimemshika kiuno, tukipita katikati ya watu mchana kweupe. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitachukua miezi minne.