Kisanduku cha Buluu cha Bi Koulsoum

Kufikia mwaka 1996 Houssen alikuwa ameumaliza mji wa Mahajanga mtaa kwa mtaa. Antanimasaja hakuweza kupita kwa sababu ya saa za dhahabu zilizogeuka kijani mvua ya kwanza ilipozinyeshea. Ampisikina walikuwa bado wakimuulizia friji kumi na moja alizowauzia zikiwa melini, katika meli ambayo mpaka leo haijatia nanga. Kilichobaki ni Mangarivotra, na huko alitembea kwa adabu, akisalimia hata paka.

Ndiyo maana alialikwa harusini. Na katika harusi hiyo mpiga gitaa wa salegi, muziki wa dansi wa huko, alikanyaga kisanduku cha buluu kilichokuwa miguuni pake, gitaa likatoa sauti ambayo Houssen hakuwahi kuisikia, kama nyuki elfu waliofundishwa kuimba. Wazee waliacha kutafuna. Bibi harusi alisahau kuona haya. Watu wote walitazama vidole vya mpigaji. Houssen alitazama mguu.

Aliuliza, akaambiwa ile ni pedali ya Bi Koulsoum, mjane anayetengeneza redio nyumbani kwake mtaa huohuo. Huunda moja tu kwa mwezi, kwa mkono, na chini yake huandika jina lake kwa rangi nyeupe. Wanamuziki kumi na tisa walikuwa kwenye foleni. Houssen aliposikia neno foleni, moyo ulimdunda. Mtu mwingine angewahurumia wanaosubiri. Yeye aliona ni dhambi kuwaacha wasubiri.

Kesho yake alifika kwa Bi Koulsoum na halua ya sahani nzima. Alimsifia marehemu mumewe, ambaye hakuwahi kumwona, kisha akaeleza kwamba anakwenda kisiwani Nosy Be kumpigia gitaa mama yake mgonjwa. Mama huyo, Roukia, alikuwa na afya ya kubeba gunia la mchele begani, lakini habari hiyo Houssen hakuona haja ya kuitaja. Bi Koulsoum, aliyekuwa na msindzano usoni, ile rangi ya njano ya msandali ambayo wanawake wa pwani hujipaka kujikinga na jua, alimsikiliza bila kupepesa. Mwisho akamtolea kisanduku.

"Sharti moja, mwanangu. Usikifungue. Niapie."

Houssen alikuwa tapeli, lakini hakuwa mjinga wa Akhera. Jina la Mungu hakuwahi kulichezea. Ndilo jambo pekee alilotarajia kujitetea nalo Siku ya Kiyama.

"Wallahi," akasema, "mikono hii haitashika bisibisi."

Na ilikuwa kweli. Bisibisi ilishikwa na Mikidache.

Mikidache alikuwa fundi redio nyuma ya soko, mwenye mikono mizuri na dhamiri iliyomsumbua kama jino bovu. Alikigeuza kisanduku, akasoma jina la Bi Koulsoum, akakirudisha mezani.

"Hii ni kazi ya mtu, Houssen."

"Hata gauni ni kazi ya mtu. Umewahi kuona fundi cherehani amefungwa kwa kunakili gauni?"

"Sijaona. Lakini pia sijaona anayemvua bibi harusi apate kipimo."

Ili kumtuliza, Houssen alikwenda kwa karani mstaafu wa mahakama, akamnunulia kahawa, akamuuliza kwa niaba ya rafiki. Karani alianza kwa Kifaransa cha ofisini, halafu akashuka hadi lugha ya watu: njia ya umeme ndani ya sanduku haina mwenyewe, maadamu hakuna aliyeiandikisha, lakini jina na alama ya mtu ni mali yake, na ukivigusa utalala ndani. Houssen akauliza, je, kwa upande wa dhambi?

"Hiyo ni ofisi nyingine," karani akajibu. "Na huko hata mimi nina faili."

Houssen alirudi mwepesi kama aliyetoka kuoga. Jina hatuandiki, akamwambia Mikidache. Rangi ya buluu tutaiacha ilivyo, kwa sababu bahari nayo ni ya buluu na haijamshtaki mtu. Na mahali pa jina alichora ua dogo jeupe, ambalo kwa mtu mwenye haraka lilifanana mno na jina.

Kisanduku kilipofunguliwa, ndani kulikuwa na lami tupu. Bi Koulsoum alikuwa ameumiminia mtambo wote lami ya moto, ikaganda kama jiwe. Mikidache aliiloweka katika mafuta ya taa siku tatu, akiichokoa kwa mswaki. Chini yake alikuta vipande vinavyojulikana na kila fundi, pamoja na transista mbili ambazo namba zake zilikuwa zimekwanguliwa, zikiwa na ukoko wa njano. Ukoko huo akausugua na kuutupa pamoja na uchafu mwingine. Hizo transista, alikisia, ni za aina ya zamani, kama zile za redio za wakati nchi ilipokuwa ya kijamaa.

Kwa hiyo Houssen alipita Mangarivotra nyumba kwa nyumba akikusanya redio mbovu. Aliwaambia wazee kwamba ni za makumbusho. Bibi mmoja aliibusu redio yake kabla ya kumkabidhi, akaomba iwekwe mahali penye kivuli.

Zikapatikana pedali kumi na mbili. Mchana umeme ulikuwa ukikatika, basi walizijaribu baada ya sala ya Alfajiri, hewa ikiwa bado baridi. Sauti ilikuwa ileile. Nyuki wote elfu walikuwepo. Mikidache alitoa machozi, nusu ya furaha na nusu ya ile nyingine.

Nosy Be ndiko Houssen alikokuwa na kitu cha kupoteza. Katika dunia nzima, Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa hicho, ndio mji pekee ambako jina lake lilikuwa bado zima, kwa sababu mama yake aliishi huko, naye Houssen hakuwahi kumtapeli mtu wa hapo hata kipande cha sabuni. Mama Roukia aliamini kwamba mwanawe ni injinia. Majirani waliamini kwa sababu ya Mama Roukia. Kila akishuka kwenye boti watu humpokea kwa "karibu, Injinia", na kwa siku chache hizo Houssen hutembea kama mtu aliyezaliwa upya.

Lakini wenye fedha na wenye hoteli walikuwa hukohuko, akajiambia, na mara hii bidhaa inafanya kazi.

Mwenye hoteli aliyeng'ata chambo aliitwa Ousséni, mtu asiyeweza kuona kitu kizuri bila kutaka kiwe chake peke yake. Aliposikia pedali moja asubuhi, alizitaka zote kumi na mbili, ili kila bendi ya kisiwani imwangukie miguuni. Ila hakufika alipofika kwa kuamini maua meupe. Alitaka zijaribiwe Jumapili saa nane mchana, ukumbini kwake, mbele ya watu. Na kimyakimya alimtumia Bi Koulsoum, ambaye sifa zake zilishafika kisiwani, nauli aje kuthibitisha.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Paa lilikuwa la bati, na jua lilikuwa limekaa juu yake bila nia ya kuondoka. Mama Roukia alikaa mstari wa mbele, uso umepakwa msindzano, akiwaambia wa kulia na wa kushoto kwamba vile visanduku mwanawe amevitoa kichwani. Pembeni yake akaja kukaa mgeni, naye amejipaka vilevile. Houssen alimtambua, na jasho likamshuka hadi kwenye soksi.

Wapiga gitaa watatu wakakanyaga. Nyuki wakatoka, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Dakika ya tano nyuki walianza kuchoka. Dakika ya saba ilisikika sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Dakika ya tisa pedali ya kwanza ilitoa mlio ambao watu wazima hawautoi mbele za watu, ikanyamaza. Mbili zilizobaki zikaifuata kwa heshima.

Ousséni akageuka taratibu. "Injinia, tueleze."

"Ataeleza," Mama Roukia akawahakikishia watu wote. "Subirini."

Houssen alipima kwa macho umbali wa kufika mlangoni.

Bi Koulsoum akasimama. Alipanda jukwaani, akatoa bisibisi mkobani, akafungua pedali zote tatu. Kisha alishuka, akamwomba radhi Mama Roukia, akachovya kidole kwenye shavu la mama huyo lenye msindzano mbichi, akarudi kuzipaka zile transista. Akazifunika kwa leso yake.

"Huyu kijana ni mtu wangu," akawaambia watu. "Nilimtuma azilete, akashindwa kunisubiri nizimalizie. Sasa twendeni tukasali Alasiri. Tukirudi zitaimba."

Waliporudi, jua lilikuwa limeteremka na upepo unaingia madirishani. Zikaimba. Watu wakacheza, Mama Roukia akacheza zaidi. Ousséni alilipa malipo ya kwanza palepale, mkononi mwa Bi Koulsoum, aliyezichukua pedali zote kumi na mbili akazimalizie kwake. Houssen hakuweza kuteta bila kujitaja. Na hakutaka kuteta. Msindzano! Siri yenyewe alikuwa ameiona, ule ukoko wa njano ambao Mikidache aliutupa na uchafu. Bi Koulsoum alipomwambia mama yake kwamba Injinia atarudi naye Mangarivotra kufanya kazi, Houssen alikubali haraka kuliko mtu mwaminifu.

Miezi mitatu alisaga msandali kwenye jiwe, kutoka Adhuhuri hadi Alasiri, akisubiri siku ya kujua kipimo ili atoroke. Mabega yalimtanuka. Barua za mama yake zilifika zikiwa zimeandikwa "Bwana Injinia", na Bi Koulsoum alimsomea kwa sauti ya heshima. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Bi Koulsoum, kila transista unaipaka kiasi gani?"

"Hata kidogo," Bi Koulsoum akasema bila kuinua macho kwenye chuma cha kulehemu. "Ule ukoko ninawawekea wanaofungua, wapate cha kufikiria. Uliposomba redio ya shangazi yangu nikajua umeweka transista za zamani. Zile haziwezi joto. Zangu ni za kisasa."

Houssen alilitazama jiwe. "Na kule ukumbini?"

"Kule tulikwenda kusali, mwanangu, na jua likashuka."

"Basi haya yote niliyosaga yamekwenda wapi?"

Nje, mlangoni, walipita wanawake wanne wa Mangarivotra, nyuso zao laini na za njano kama maembe, wakamsalimia kwa furaha kubwa.

"Saga vizuri, Injinia," Bi Koulsoum akamwambia. "Jioni kuna harusi."