Kondoo Mia Tatu na Picha Yangu ya Rarotonga

Jumatatu, 9 Machi

Siku yangu imefika! Bi Mereana, bosi wetu, ametangaza kikaoni kwamba kile kifaa chetu cha kulinganisha rangi za video sasa kitaendeshwa na mawakala wa akili mnemba. Unakipa picha moja ya mfano, nacho kinazivuta klipu zote zifanane nayo: ya jua, ya mawingu, na ya mvua ya hapa Wellington inayokuja kwa ubavu. Kilichobaki ni mwongozo wa kuwafundisha hao mawakala. Nani atauandika? Mimi, Neville! Mwongozo uwe tayari Alhamisi. Ukifanya kazi, mimi ndiye mkuu wa chumba cha rangi. Usipofanya, cheo ni cha mwenzangu Losa.

Losa alicheka. Sijui alichekea nini.

Jumanne, 10 Machi

Kurasa kumi na moja tayari. Mbili za kwanza ni salamu. Losa akachungulia begani kwangu: "Kaka Neville, hao ni programu, si wakwe zako." Eti wanataka maagizo mafupi, na wanafuata kila neno lilivyo. Nikamuuliza, je, wakikutana na jambo ambalo sikuliandika? Akasema wataiga mfano uliopo. Wakiuona mfano wanaushika kama amri.

Sikumwelewa. Niliitikia kwa kichwa. Huyu ananivuruga makusudi, kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka jana niliandika mwongozo wa mashine ya kahawa, na bosi akamshukuru yeye! (Kweli aliuandika upya baada ya mashine kulipuka. Lakini wazo lilikuwa langu.)

Jumatano, 11 Machi

Dawa nimeipata! Mwongozo unahitaji picha moja ya mfano. Nimeweka yangu. Ile ya likizo ya kisiwani Rarotonga, nimeshika dafu, siku niliyosahau kofia. Sasa Losa aibe tuone! Uso wangu umejaa ukurasa wa tatu. Chini yake nimeandika kwa herufi nene: FANYA HIVI.

Nilimaanisha wafuate hatua zilizo juu yake. Nadhani. Au zilizo chini?

Alhamisi, 12 Machi

Nimekabidhi. Bi Mereana akauliza kama nimeujaribu. Nikamjibu kuwa mwongozo mzuri haujaribiwi, unaaminiwa. Akanitazama sana.

Wakala akapewa kazi ya kwanza: tangazo la sufu la Mzee Colin Dray, mfugaji wa Wairarapa. Klipu sitini, na hali nne za hewa kwa siku moja. Kamaliza kwa dakika nne! Hakuuliza hata swali moja. Hilo lilinitia wasiwasi kidogo, maana mimi mwenyewe nilikuwa na maswali. Losa akasihi tuzitazame kabla mteja hajaja. Nikamwambia aache wivu. Nimefunga chumba cha rangi, ufunguo uko mfukoni mwangu.

Ijumaa, 13 Machi

Mzee Colin alikuja na mkewe, Bi Joyce, na keki ya ndizi. Tukazima taa. Wakatokea kondoo mia tatu, wekundu kama kamba waliochemshwa. Vilima vyekundu. Mbwa mwekundu.

Mzee Colin akauliza taratibu kama mifugo yake ina surua. Halafu akasimama: "Wewe kijana, mimi nauza sufu nyeupe! Nyeupe! Tangu enzi za babu yangu!" Nina miaka hamsini na mbili. Bi Joyce akauliza rangi hiyo imetoka wapi jamani. Losa akafungua ukurasa wa tatu. Bi Joyce akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena picha. "Pole, mwanangu," akasema. "Ulipaka mafuta ya jua lakini?"

Aibu gani hii! Nilitamani ardhi inimeze. Wakala alikuwa amefuata neno kwa neno, kondoo wote akawafananisha na pua yangu iliyoungua na jua. Wageni wakaondoka na keki yao, haijakatwa.

Jumatatu, 16 Machi

Losa alishinda kazini Jumamosi na Jumapili. Akafuta salamu, akaweka sheria moja: picha ya mfano itoke kwenye klipu za kazi yenyewe. Kwa kazi hii akachagua kondoo mmoja mweupe wa saa sita mchana. Sasa wote ni weupe. Mzee Colin amefurahi na keki imerudi, ina jina la Losa. Cheo pia kina jina lake. Niliumia, sitaficha.

Mimi nimeombwa mambo mawili tu: nirudishe ufunguo, na niitoe ile picha kwenye mwongozo. Nimetii yote mawili. Tena nimekaa nikatafakari kosa langu, na nimeliona. Ni kofia! Kwa hiyo pale pale ilipokuwa, juu ya FANYA HIVI, nimeweka picha nyingine, ya harusi ya dada yangu. Niko kivulini, sijaungua hata kidogo, nimevaa kofia kubwa ya kijani.

Tangazo la maziwa linaanza saa nane.